Redio Chini ya Mgunga

Ukitoka mjini Isiolo kwa barabara kuu iendayo Moyale, utafika Ngaremara kabla hujachoka kukaa. Jina lake ni la Kimaa, lugha ambayo engare ni maji, ingawa mgeni apitaye wakati wa kiangazi huona mchanga, mawe na migunga, akastaajabia jina hilo. Wengi wa wakaao hapo ni Waturukana, na jirani zao ni Wameru, Waborana, Wasomali na Wasamburu. Siku hizi barabara ina lami, magari hupita mchana na usiku, wala hakuna mtoto ageuzaye shingo kuyatazama. Nilipokuwa mtoto mimi, lori moja lililopita asubuhi lilitosha kuwa mazungumzo hata jioni.

Msomaji, nataka kukueleza habari za redio katika nchi hiyo. Najua kuwa kwako redio si ajabu. Pengine unayo ndani ya simu mfukoni mwako wala huifungui. Lakini kabla ya redio, habari haikuwahi kufika kwetu bila miguu. Kila neno lililoingia bomani lililetwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na uso, ukoo na mahali alipotoka. Mgeni alipofika alikalishwa kivulini, akapewa maziwa au chai, kisha akaulizwa. Aliulizwa mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, ng'ombe wa nani wana maradhi, na kama njia ina amani. Akijibu, aliulizwa tena: Uliliona jambo hilo kwa macho yako, au uliambiwa? Aliyekuambia ni nani, naye alikuwa wapi? Maswali hayo hayakuwa ufidhuli. Mtu aliyehamisha ng'ombe mia kwa kuamini habari ya mvua isiyokuwapo alirudi na ngozi zao, na kwa hiyo wazee walimchunguza mleta habari kama vile wanunuzi wachunguzavyo meno ya mnyama sokoni.

Redio ilileta habari isiyoweza kuulizwa swali. Hilo ndilo jambo jipya lililotufikia, kubwa kuliko nyimbo zake na kuliko sauti kutoka mbali.

Ilichukua muda mrefu kutufikia. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka wa 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi waliotaka kusikia mambo ya kwao. BBC ya London ilisoma taarifa yake ya kwanza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1939, miezi miwili na siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Vita hivyo ndivyo vilivyoikumbusha serikali ya kikoloni kuwa Mwafrika naye ana masikio. Askari wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Jamaa zao walitaka kujua walivyo, na serikali ilitaka waambiwe kwa njia iliyoipenda yenyewe. Kwa sababu hiyo matangazo kwa Waafrika yaliongezwa katika Kiswahili na lugha nyingine. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka wa 1951, na Mombasa katika miaka hiyo ilijivunia Sauti ya Mvita. Tarehe 1 Julai 1964, serikali ya Kenya huru ililichukua shirika la utangazaji lililoachwa na wakoloni, likaitwa Sauti ya Kenya.

Walakini sauti haifai kitu pasipo chombo cha kuipokea. Redio za zamani zilikuwa na taa za kioo ndani yake, zikitaka umeme wa ukutani au betri nzito mfano wa ile ya gari. Redio ya namna hiyo ilikuwa mali ya afisa au tajiri, na mfugaji ahamaye na punda wake hakuwa na haja nayo. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, ilitengenezwa transista, kitu kidogo kilichofanya kazi ya taa zile kwa umeme haba sana. Wanasayansi watatu, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 1956. Redio ya transista ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka wa 1954. Nikiwaza juu ya wachungaji wetu walioning'iniza redio begani pamoja na kibuyu cha maziwa, huona kwamba hakuna uvumbuzi wa karne ile uliowafaa zaidi, na pengine wavumbuzi hao hawakumfikiria hata mmoja wao.

Redio ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya baba yangu mdogo. Alikuwa kibarua wa barabara, akarudi nayo mwaka wa 1976, nilipokuwa na umri wa miaka minane. Mkewe aliishonea vazi la kitambaa cha maua, lenye tundu mahali pa sauti na tundu mahali pa kugeuzia, ili vumbi lisiingie. Betri zake, ambazo sisi tuliziita mawe, zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati zikapata uhai wa jioni moja au mbili, kisha zikaanikwa tena, hata zikatoa maji na kutupwa. Waya ulipandishwa juu ya mgunga uliokuwa mbele ya nyumba, na chini ya mgunga huo ndipo watu walipokaa: wazee juu ya vigoda vyao, wanawake upande wa pili, na sisi watoto popote tulipoachiwa nafasi.

Saa saba mchana na saa moja jioni taarifa ya habari ilisomwa. Baba mdogo alikuwa akisikiliza sentensi moja, akiifasiri kwa Kiturukana, na wakati akiifasiri ile ya pili ilikuwa imekwisha kupita. Basi habari zetu zilikuwa na mapengo. Waziri alikwenda mahali fulani na hatukujua alirudi au la. Vita vilizuka katika nchi fulani na amani yake hatukuisikia. Wazee waliyajaza mapengo kwa mazungumzo yaliyodumu kuliko taarifa yenyewe. Mimi Kiswahili changu nilikipata hapo. Nilijua neno "taarifa" kabla ya kujua neno "daftari", na nilipoingia darasani niliweza kusema "mtukufu rais" kwa sauti ya msomaji wa habari, jambo lililomchekesha mwalimu lakini likanipa heshima kwa wenzangu.

Usiku redio ilikuwa na ukarimu zaidi. Mchana tulipata Nairobi kwa mkwaruzo. Usiku zilikuja Mogadishu, Addis Ababa na Dar es Salaam, na lugha nyingine tusizozijua hata majina. Mzee mmoja alieleza kuwa sababu yake ni mbuzi, kwamba usiku mbuzi wamelala na dunia ina utulivu. Usimcheke, msomaji, kwa maana alijua kuwa kuna kizuizi cha mchana. Alikosea kukitaja tu. Kizuizi ni jua. Mwanga wake huamsha tabaka la hewa lililo juu sana ya nchi, nalo huyameza mawimbi ya redio ya masafa ya kati yanapopanda. Jua likichwa tabaka hilo hufifia, mawimbi hupanda mpaka tabaka la juu zaidi, yakarudishwa chini mamia ya maili kutoka yalikotoka.

Baada ya taarifa ya habari yalisomwa matangazo ya vifo. Wakati huo simu ilikuwa Isiolo mjini, na barua ilikaa majuma. Mtu akifa Mombasa au Nairobi, jamaa waliokuwa karibu walikwenda Sauti ya Kenya, wakalipa ada, na jina la marehemu likasomwa pamoja na majina ya wale wapaswao kujua: mkewe, nduguze, wajomba zake walio sehemu fulani. Nchi nzima ilisikia ili nyumba moja ipate habari. Nimefikiri mara nyingi kuwa hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo redio iliwafanyia watu wa mbali, na ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote kwa mwenye redio.

Jioni moja mjane mmoja, jirani yetu, alikuwa amekaa na wanawake wenzake chini ya mgunga. Hakujua Kiswahili. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa, na alikuwa hajaonekana nyumbani kwa mwaka na zaidi. Matangazo yalipoanza, jina la kijana huyo lilisomwa, likitamkwa vibaya kama majina yetu yalivyotamkwa sikuzote, lakini likatambulika. Wale waliojua Kiswahili walinyamaza. Baba mdogo hakufasiri. Aliingoja sentensi iishe, akasema kwa Kiturukana kuwa mawe yamechoka, akaizima redio, na watu wakaondoka mmoja mmoja.

Usiku uleule alikwenda kwa kaka wa yule mama, wakakaa na wazee wawili mpaka majogoo. Kulipokucha wanaume wanne walikwenda nyumbani kwake wakamwambia kama mila inavyotaka, nduguye akiwa ameketi karibu naye. Baada ya siku za kilio kupita, mama yule alikuja kwetu. Nilikuwa nikifunga mbuzi, na nilimsikia akimwambia baba mdogo: "Mwanangu, mimi nililisikia jina lake jioni ile. Nilidhani anatusalimu."

Huna budi kujua kuwa redio ilikuwa na vipindi vya salamu pia. Watu walituma kadi, na majina yao na ya jamaa zao yalisomwa, kisha wimbo ukapigwa. Kwa mtu asiyejua lugha, orodha ya majina ya salamu na orodha ya majina ya msiba husikika namna moja. Mama yule alikwenda kulala akiwa na furaha kwamba mwanawe amemkumbuka.

Wazee walijadiliana juu ya jambo hili kwa siku nyingi, wakagawanyika. Wengine walisema baba mdogo alitenda haki, kwa kuwa habari ya kifo ina wenyewe wa kuipeleka na ina saa yake, wala mashine haiwezi kumwondolea ndugu wajibu huo. Wengine walisema alimwacha mzazi afurahi usiku kucha juu ya mwanawe aliyekufa, na kwamba ukweli ukishatamkwa mbele ya watu ishirini hauna tena haki ya kufichwa kwa mmoja. Mimi nasimama upande wa baba mdogo, ingawa kila nilikumbukapo neno la yule mama upande wangu hulegea. Yeye mwenyewe hakujitetea. Alichofanya ni kwamba tangu siku hiyo matangazo ya vifo aliyasikiliza peke yake ndani ya nyumba, sauti ikiwa chini, sikio kwenye lile tundu la kitambaa. Na akitoka nje watu walimtazama usoni kwanza. Habari ilikuwa imerudishiwa miguu.

Kuna mambo mengine yaliyowafundisha wazee wa kwetu kuwa na hadhari. Walikuwa wameishi katika miaka ya vita vya shifta, tangu 1963 hata 1967, wakati watu wengi wa kaskazini walipotaka kujiunga na Somalia na serikali ya Kenya ikakataa. Wilaya ya Isiolo iliumia sana. Watu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, na mifugo ikafa au ikauawa kwa maelfu. Katika miaka hiyo Redio Mogadishu ilisema lake na Sauti ya Kenya ikasema lake, juu ya nchi ileile na watu walewale. Wale walioitwa mashujaa na sauti moja waliitwa wezi na sauti nyingine. Serikali mbili hizo zilipopatana Arusha, mwezi wa Oktoba 1967, moja katika mambo waliyokubaliana ni kuacha kutukanana kwa redio na magazeti. Fikiri, msomaji, maneno hayo lazima yawe na uzito gani hata yakaandikwa katika mapatano ya amani.

Ndiyo maana wazee hao hawakufadhaika upesi Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwa Kiswahili kuwa serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, na hakukuwa na sauti iliyopendwa kuliko hiyo katika Kenya nzima. Tulimjua kwa matangazo ya mpira, na tulimjua zaidi kwa kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza mwaka wa 1966, ambamo aliwauliza watu kama ni adabu kufanya hivi au vile. Vijana walitaka kukimbilia Isiolo waone kuna nini. Mzee mmoja akauliza swali la zamani: "Anasema mwenyewe, au anaambiwa?" Hakuna aliyeweza kujibu. Basi ikaamuliwa kuwa hakuna atakayeuza mnyama wala kutia mguu barabarani mpaka jua lichwe.

Kabla ya siku kwisha, redio ileile ilikuwa imesema kinyume: askari watiifu, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, walikuwa wamekikomboa kituo mikononi mwa askari wa jeshi la anga. Mbotela alieleza baadaye kuwa alichukuliwa nyumbani kwake na askari wenye bunduki akalazimishwa kusoma. Alifariki mwezi wa Februari 2025, na nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mzee yule kwa heshima kubwa. Hakujua kusoma, wala hakuwahi kufika Nairobi, lakini alitambua kuwa sauti ya mtu na neno la mtu ni vitu viwili.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka, maana wewe umeyakuta. Sauti ya Kenya ilirudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka wa 1989. Tangu mwaka wa 1996 vituo vya watu binafsi vikaanza kutangaza kwa mawimbi ya FM. Mawimbi haya husikika safi sana lakini hayapendi kuvuka milima wala kwenda mbali, na udhaifu huo ukawa baraka kwetu: kituo cha Nairobi hakikuweza kutufikia bila mnara wa karibu, na nafasi ikabaki kwa vituo vya hapa hapa. Isiolo ikapata vyake, kama Radio Shahidi na Baliti FM. Kwa mara ya kwanza redio ilitaja majina ya visima vyetu, na ikayatamka sawasawa.

Siku hizi hakuna mkutano chini ya mgunga. Kila kijana ana redio yake ndani ya simu, na nyuzi masikioni. Wawili hukaa juu ya jiwe moja wakisikiliza vituo viwili, na mmoja akicheka mwenzake hajui kwa nini. Sisemi kuwa zamani ilikuwa bora. Ilikuwa na mapengo mengi, na mwanamke hakuruhusiwa kugusa kitufe. Lakini hasara ipo. Mtu asikiaye peke yake hana wa kumwuliza kama hayo yanawezekana.

Faida nayo ipo, nami niliiona katika ukame mkubwa ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, jambo lisiloonekana kwa miaka arobaini. Mifugo ilikufa kando ya barabara. Asubuhi moja nilikuwa Ngaremara kwa binamu yangu mwanamke, aliyekuwa akipika chai huku simu yake ikisema kwa sauti kubwa. Kituo kimoja kilitangaza kuwa maji yamekwisha kupelekwa kwa malori katika vijiji kadhaa, na kijiji chao kikatajwa. Binamu yangu akaondoa sufuria motoni. Akapiga simu kituoni, ikakataa. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne alijibiwa, na nikasikia sauti yake ikitoka katika redio ya jirani kabla ya kunifikia kutoka kinywani mwake, maana alikuwa amekwisha kwenda nje. Alisema kuwa lori halijafika, si leo wala juma lililopita.

Mtangazaji alinyamaza kidogo. Kisha akamwuliza jina lake, na mahali alipo, na kama ameliona tangi hilo kwa macho yake mwenyewe au ameambiwa ni tupu.

"Nimeliegemea," akajibu.